Fundi wa Redio ya Kimya

Sitaandika jina lake. Mtaani kwetu Ng'ambo halitumiki. Hata kibao cha bati juu ya mlango wake kinasema FUNDI tu, kwa rangi nyeupe iliyochuruzika kabla haijakauka, na mtu akiuliza fundi wa nini, ujue ni mgeni wa Tabora. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, nani alimfundisha kazi, sijui, na sasa hivi sina hamu ya kujua. Ninayoyajua nimeyapata kwa kukaa kwenye kigoda karibu na jiko lake la mkaa tangu nikiwa kidato cha pili mpaka sasa nipo cha tatu, na kwa kuandika kila jioni kwenye daftari hili ambalo mama anadhani ni la jiografia.

Nimekaa wiki tatu bila kuandika. Leo nimeamua nimwandike yote, mazuri yake pia, maana nikiandika lile moja tu, nitakapokuwa mtu mzima nitalisoma na kudhani nilikuwa mjinga kumpenda. Sikuwa mjinga. Alikuwa mtu wa kupendwa.

Kwanza ulimi wake. Mawe ya redio, yaani betri, aliyapima kwa ulimi. Mteja akileta mawe manne na kulalamika kwamba yamekwisha, Fundi aliyapanga mstari mmoja mezani, akagusisha waya upande wa nyuma, ncha ya pili akailamba, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. "Hili la tatu limelala," anasema. "Mengine bado yana chumvi." Yaliyolala hayatupwi. Aliyaanika juani juu ya bati la paa, pamoja na michembe, vile viazi vikavu, ya mama mwenye nyumba, na kila alasiri alipanda ngazi kuyageuza. Siku moja yule mama aliteremsha viazi vyake na mawe mawili humo humo ndani ya ungo, akayamwaga yote sufuriani, na ni bahati tu aliyaona kabla maji hayajachemka. Fundi alikisimulia kisa hicho kwa kila mteja: "Nakwambia, michembe ile ingeivishwa, ingeshika Dar es Salaam bila waya!"

Halafu vikaratasi vyake. Kila redio iliyoingia ilifungwa kikaratasi kwa uzi, na juu yake aliandika ugonjwa kwa maneno yale yale ya mwenye redio, hakubadilisha hata neno. Inakohoa. Inasema mvua ikinyesha tu. Haimpendi mke wangu. Nilipomwuliza kwa nini asiandike kitaalamu, alisema mgonjwa ndiye anayejua panapouma, na kwamba yule wa tatu alikuwa sahihi: mkewe alikuwa na bangili kubwa za shaba, na kila akisogea redio ilikwaruza.

Rafu ya kulia walikaa wagonjwa. Rafu ya kushoto walikaa aliowaita marehemu, redio zilizosahauliwa na wenyewe zaidi ya mwaka. Wenyewe wengine walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakati wa operesheni, wakaondoka na magodoro na kuku, wakasahau redio kwa Fundi. Vifaa dukani havikuwepo. Unaweza kuzunguka mji mzima ukitafuta transista moja, ukaambiwa labda mwezi ujao, na mwezi ujao ukaambiwa hivyo hivyo. Kwa hiyo tulichukua kwa marehemu. Lakini kwa mgonjwa, hata skrubu, hapana. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyonifundisha, kabla hata sijashika chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya. "Mgonjwa haguswi," alisema, akanifanya nirudie kwa sauti, na mimi kurudia kitu kwa sauti ni kazi kubwa kuliko hesabu za mwalimu wetu.

Maana mimi ni mtu wa haya. Nikitumwa dukani narudia kichwani nitakachosema tangu mlangoni kwetu, nikifika nimekisahau. Siku ya kwanza kwa Fundi nilikuwa nimebeba redio kubwa ya baba kichwani, nikasimama nje, mguu mmoja barabarani na mwingine kibarazani kwake. Barabara yake ni ile ya zamani, wazee wanasema misafara ya kwenda Ujiji ilipita hapo hapo. Nilisimama nikiomba msafara mwingine upite unichukue.

Hakuniuliza ninataka nini. Aliuliza maswali ya kuitikia kwa kichwa.

"Inanguruma?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Inakula mawe?"

Nikaitikia.

"Inaongea?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi imefanana na aliyeileta," akasema, na akacheka kwa namna ambayo mimi pia nilicheka. Kwenye kikaratasi akaandika: Haya. Mpaka leo sijui kama aliandika ugonjwa wa redio au wangu.

Baba yangu alikuwa gadi wa treni. Ameitumikia reli miaka mingi, Dodoma, Kigoma, Mwanza, na mpaka leo watu wanamwita Mzee Gadi ingawa amestaafu. Macho yake yalianza kufifia mwaka ule niliofaulu kuingia sekondari. Gazeti akawa analisogeza mbali, halafu karibu, halafu akaacha kulishika. Ikabaki redio. Hakusikiliza muziki sana. Alisikiliza taarifa ya habari, na zaidi ya habari alisikiliza matangazo ya vifo. Alikuwa na wenzake kwenye stesheni zote za reli ya kati, na hakuwa tena na njia ya kujua nani yupo na nani ameondoka isipokuwa ile. "Marehemu aliwahi kufanya kazi reli," mtangazaji akisema hivyo tu, baba ananyoosha mkono kututaka tunyamaze.

Lakini redio yetu ilikuwa kabati zima, na nyumba yetu ni ya kupanga, vyumba sita, kuta hazifiki paa. Ukikohoa cha kwanza, wa cha sita anakwambia pole. Baba akifungua redio nyumba yote inasikiliza vifo, wapende wasipende. Wapangaji hawakusema kitu, ila mmoja alianza kuimba kwa nguvu kila saa ya matangazo. Baba akawa anaifungua kwa kuogopa, akiinama juu yake kama anaficha kitu. Sikupenda kumwona hivyo.

Nilimwambia Fundi kwa kuandika. Kweli, nilimpa karatasi. Nilitaka redio ndogo ya kukaa mapajani, inayokula mawe mawili tu, isiyonguruma, yenye sauti ya mtu mmoja. Alisoma, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

"Redio ya kimya," alisema. "Watu wote wanakuja hapa wanataka ilie kijiji kizima. Wewe unataka inong'one. Haya, mkorofi, tutaitengeneza. Wewe utaitengeneza, mimi nitakugombeza."

Ilituchukua likizo mbili. Sanduku tulipata kwa seremala, masalio ya mninga, na Fundi alinifanya nilisugue kwa msasa mpaka baba aweze kulishika bila kuchomwa na kijiti. Waya mwembamba nilizungusha mwenyewe juu ya kile kijiti cheusi cha kushikia mawimbi, nikahesabu mizunguko kwa midomo, nikikosea naanza upya, kisha tukaushika kwa nta ya nyuki usilegee. Transista tulizitoa kwa marehemu watatu tofauti. Spika ilitoka kwa wa nne, ndogo kama kifuniko cha kopo, na karatasi yake ilikuwa imechanika kidogo ukingoni. Fundi alisema izibwe kwa karatasi nyepesi na gundi. Nyepesi niliyokuwa nayo ni ya daftari hili. Nikachana kipande, nikabandika, na ukiangalia vizuri ungeona mwandiko wangu wa wino wa buluu: maneno "na mimi sikusema kitu", kutoka ukurasa ambao sikumbuki ulihusu nini.

Fundi aliyasoma akacheka. "Spika inasema haisemi kitu. Huko ndiko tunakotaka."

Siku tuliyompelekea baba, Fundi alifunga duka mapema, akavaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Baba aliipapasa redio pande zote, akanusa mbao, akaiweka mapajani. Ikaongea kwa upole, wazi, kila neno. Chumba cha pili hawakusikia. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasema, "Ama kweli. Sasa mzee ana mke wa pili, tena huyu hapigi kelele." Baba alikuwa akisikiliza vifo, uso wake umetulia, mikono miwili imelishika sanduku kama anavyolishika bakuli la uji.

Nilitamani Fundi awe ndugu yetu. Hilo nililiandika siku ile na sikulifuta.

Nikisema alikuwa mnyoofu nitakuwa nimesema nusu. Alikuwa mkali kwa uongo wa wengine kiasi cha kutisha. Alikuja mtu mmoja kutoka Igunga, mfanyabiashara wa pamba, akiwa na redio mpya iliyoguswa na fundi mwingine huko. Fundi aliifungua, akaangalia, akaitupa bisibisi mezani. Walikuwa wamemtolea vifaa vizuri wakamwekea vibovu. "Huyu aliyekufanyia hivi," Fundi akamwambia, "ni afadhali angekuibia redio nzima. Angekuibia nzima ungejua." Akamtengenezea kwa siku tatu na akakataa kumpa mkono wa kwaheri mpaka yule mtu aahidi hatarudi kwa fundi yule.

Lakini huyo huyo alikuwa mwoga wa wakubwa. Balozi wa nyumba kumi akipita, Fundi anasimama na kuficha sigara. Akiitwa ofisini kwa jambo dogo hali chakula. Wakati ule neno hujuma lilikuwa midomoni mwa watu. Mashine ya umma ikiharibika lazima atafutwe aliyeiharibu. Redio zote za umma alizitengeneza bure, na akizishika mikono yake ilikuwa mizito, haikuwa ile mikono ya kuonja chumvi. Nyumbani kwake hakuwa na redio. Nilipomwuliza alisema anataka kusikia mke wake akimgombeza bila mikwaruzo.

Mwaka huu, baada ya mvua kukatika, kitufe cha sauti cha redio ya baba kilianza kukwaruza. Kitu kidogo, vumbi tu. Nilitaka kukisafisha mwenyewe lakini tulikuwa na mitihani, nikampelekea Fundi. Akaandika kikaratasi, akafunga uzi, akaiweka rafu ya kulia. Siku tatu, alisema. Zikawa tisa. Aliileta mwenyewe nyumbani, mgongo wa redio ameuziba pande zote kwa nta. "Vumbi lisiingie tena," alisema. "Msiifungue kabla ya masika."

Baba akaiwasha saa ya habari. Akainamisha kichwa. Akazungusha kitufe mpaka mwisho.

"Fundi, mbona mbali?"

Fundi aliichukua, akaiweka sikioni kwake. Kisha akasema, na nimeyaandika maneno yale siku ile ile kwa hiyo siyo ya kubahatisha: "Redio ni nzima, Mzee Gadi. Mimi namsikia mtangazaji vizuri kabisa. Labda ni haya." Akaligusa sikio la baba kwa vidole viwili, taratibu, kama daktari. "Miaka yote ile ya filimbi na mabehewa, si mchezo."

Baba akalipapasa sikio lake mwenyewe. Aliogopa jambo hilo siku zote. Wenzake wawili walistaafu wakiwa viziwi.

Na mimi niliamini. Niliweka sikio nikasikia sauti ndogo, inafifia, maneno yanazama. Nikasema moyoni, si ndivyo nilivyotaka mwenyewe? Si redio ya kimya? Aliyenifundisha kusikia redio amesema nzima, mimi ni nani.

Baba akabadilika ndani ya mwezi mmoja. Akaacha kwenda barazani kucheza bao, alisema hataki watu wamrudierudie maneno. Tukiongea anaweka kiganja sikioni, hata tukiwa karibu. Na yeye mwenyewe akaanza kupaza sauti, yule mtu aliyekuwa akiinama asisumbue wapangaji. Mama alisema, "Huyu si kiziwi. Juzi nimenong'ona jikoni kwamba chumvi imekwisha, akaniuliza itakuwaje." Baba akasema mke akinong'ona mume anahisi tu, hata akiwa kaburini.

Kisha tukapata barua kutoka Igalula. Rafiki yake mkubwa, dereva wa treni waliyefanya naye kazi tangu ujana, alikuwa amezikwa siku nane zilizopita. Mtoto wake aliandika kwa kushangaa kidogo: walitangaza redioni mara mbili, mbona Mzee Gadi hakuja.

Nilimsomea barua ile kwa sauti. Akaniomba nirudie pale pa mara mbili. "Nilikuwa nimeishika mapajani," alisema. "Mara zote mbili nilikuwa nayo hapa mapajani." Akaisukuma ile redio chini ya kitanda kwa mguu.

Shule yetu inatupeleka Jumamosi kusaidia madarasa ya elimu ya watu wazima. Mimi nimepangiwa Itetemia. Tunafundisha kwenye banda la godauni, wakulima na kina mama watu wazima, na baada ya kusoma wanasikiliza kipindi cha redio pamoja, halafu wanajadili. Jumamosi ile mwenyekiti wa darasa alitoa redio kutoka kwenye gunia, akaisifu: ilikufa kabisa, Fundi wa Ng'ambo ameifufua, sasa ni tamu kuliko mwanzo.

Akaiwasha. Ilikuwa na sanduku kubwa, lakini sauti niliijua. Sijui niielezeje. Kama unamsikia dada yako akiongea chumba cha watu wengine.

Nilikaa kipindi chote bila kusikia neno. Walipotoka nilimwambia mwenyekiti, na sijui nilipata wapi ujasiri, kwamba mgongo umelegea, niukaze. Nikaufungua. Spika ndogo kama kifuniko cha kopo, imefungwa kwa waya katikati ya tundu la spika kubwa. Ukingoni karatasi ya daftari. Na mimi sikusema kitu. Transista mbili pembeni yake zilikuwa na risasi yangu, yenye mkia mdogo, ile aliyonigombeza kila siku kwamba nainua chuma mapema. Nilikaza skrubu. Mikono ilikaza yenyewe.

Nyumbani nikaitoa redio ya baba chini ya kitanda, nikakwangua nta. Ndani kulikuwa na spika nyingine ndogo, ya zamani, iliyochanika katikati na transista mbili zilizoungua upande, nyeusi.

Nilifika kwa Fundi nikiwa bado na vumbi la Itetemia miguuni. Nilimwambia nimeona. Jambo la kwanza alilouliza ni hili: "Nani alikuruhusu kufungua redio ya umma?"

Akafunga mlango nusu. Akakaa kwenye kigoda changu, siyo chake.

"Niligeuza mawe," alisema. "Mimi. Kichwa kwa mkia, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Waliileta na mzee wa kata amesimama hapo mlangoni ananiangalia, nikaharakisha, nikawasha. Nikasikia harufu tu. Ndani ya dakika moja nimeua redio ya darasa zima."

"Ungewaambia."

"Wangesema hujuma. Wangeniuliza nani kanituma. Wewe mtoto, hujui."

"Ungechukua kwa marehemu."

"Marehemu wamekwisha, binti. Wewe ndiye uliyewamaliza." Akajaribu kucheka. "Na kule wanasikiliza watu arobaini. Hapa anasikiliza mzee mmoja. Fikiria na hilo. Si ndivyo mnavyofundishwa shuleni?"

Labda baba angeulizwa angeitoa mwenyewe. Naamini angeitoa. Lakini hakuulizwa, na siyo redio iliyonileta pale.

"Redio wabaki nayo," nilisema. "Njoo umwambie baba masikio yake ni mazima. Hilo tu. Hata usimwambie kwa nini."

Fundi akachukua jiwe moja mezani akalizungusha mkononi.

"Ijumaa," alisema. "Nikitoka msikitini nitapita kwenu."

Ijumaa ile nilipika chai mwenyewe. Hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu nilisikia alipita barabara ya nyuma.

Basi nikamwambia baba mwenyewe. Nilimwekea spika ile mbovu mkononi, nikamwongoza kidole kwenye mpasuko, nikamweleza yote tangu Itetemia. Alisikiliza na kiganja sikioni. Nilipomaliza alinirudishia spika.

"Fundi tumeswali naye safu moja miaka yote hii," alisema kwa ile sauti yake mpya, nyumba nzima ikasikia. "Alikufundisha kazi kama mwanawe. Wewe unaniambia ameniangalia usoni akanidanganya kuhusu mwili wangu mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Hapana, mwanangu. Unanionea huruma, ndiyo maana. Usimsingizie mtu kwa ajili ya kunifurahisha."

Mama akasema kutoka jikoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwamini mwanao, mzee."

"Namwamini," baba akamjibu. "Ila Fundi ndiye anayejua."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno hilo liko kwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo anapita barabara ya nyuma.

Leo asubuhi tulikwenda stesheni, mimi na baba, tuwahi hitma ya arobaini ya yule rafiki yake Igalula. Baba alivaa koti lake la kazi, vifungo nilimsugulia jana. Nilimshika mkono. Watu walikuwa wengi na mizigo, na pale karibu na mizani alikuwa amesimama Fundi, sanduku lake la vifaa miguuni. Anakwenda Urambo, nilisikia baadaye behewani, kijiji kimemwita kuwafungia redio. Siku hizi anaitwa kila mahali tangu ile ya Itetemia.

Alituona kabla sijamgeuza baba njia nyingine. Nilimwamkia. Shikamoo ilitoka, nimelelewa hivyo. Aliitikia marahaba huku akitazama mizani.

"Nani huyo?" baba akauliza.

"Fundi," nikasema.

Uso wa baba ukafunguka. Akanyoosha mkono hewani, Fundi akaushika, na wakashikana muda mrefu kama watu wanaopendana. Nilimwangalia Fundi. Nilifikiri, sasa. Hakuna balozi hapa, hakuna mzee wa kata, kuna baba tu, na sentensi moja. Fundi alifungua mdomo. Nikasogea karibu na bega lake, nikanong'ona kwa sauti ndogo kuliko zote nilizonazo, na mimi za ndogo ninazo nyingi.

"Mwambie, Fundi. Nakuomba."

Baba akageuza kichwa. "Anambie nini?"

Kelele za abiria zote zile, na filimbi, na mtu wa mizani anaita majina. Aliusikia mnong'ono. Fundi aliona kwamba ameusikia. Nilimwona anavyoona, macho yake yalinijia mimi, yakaenda kwa baba, yakakaa kwenye lile sikio alilowahi kuligusa.

Kisha akaliinamia, akaweka viganja viwili mdomoni kama tarumbeta, akapiga kelele mpaka watu wakageuka:

"HAKUNA KITU, MZEE GADI! BINTI ANANITAKIA SAFARI NJEMA!"

"Ahsante, Fundi!" baba naye akapiga kelele, anacheka. "Mungu akuzidishie! Wengine wanaona uvivu kupaza sauti!"

Fundi alibeba sanduku lake akaingia kwenye watu. Hakugeuka. Treni yetu ikafika, nikampandisha baba behewani, nikamkalisha dirishani. Akaniuma sikio, yaani alidhani ananiuma sikio, behewa zima lilisikia:

"Usimnong'oneze mtu mbele ya kiziwi, mwanangu. Si adabu."

"Nisamehe, baba," nikasema.

Akaweka kiganja sikioni, akasubiri. Abiria walikuwa wanatutazama. Nikavuta pumzi, mimi ambaye dukani nasahau nilichotumwa, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"NISAMEHE, BABA!"